Kupima Damu ya Mtoto

Jumatatu, 3 Machi 2025

Makubwa! Mradi umetuletea mashine hapa kituoni, pamoja na Daktari Ansbert wa kuilinda. Mtoto akizaliwa bila kulia, tone la damu litasema kama ubongo umeumia kwa kukosa hewa — kabla degedege halijaanza. Wodi ya wazazi haina hata pazia. Lakini ubongo tutausoma!

Jumatano, 5 Machi 2025

Scola kajifungua. Dume. Hakulia. Nimempulizia hewa mpaka mikono ikafa ganzi, ndipo akapumua. Kulia — wapi! Kalegea kama mlenda.

Daktari katoka nje na shati lake la pasi. Hata shikamoo hakutoa. Kamwambia Bibi Nshoma, mama mkwe wa Scola: tunaomba kupima damu ya mtoto. Basi! Usomi wote ule, na hajui kwamba huku "kupima damu ya mtoto" ni kumtafuta baba. Bibi, aliyekuwa hataki mjukuu achomwe hata sindano, uso ukang'aa. Pimeni, hata mara mbili! Nikamweleza ni ubongo. Akanikonyeza.

Scola nilimweleza polepole, akakubali. Daktari anajisifu: familia ina mwamko mkubwa. Hongera zake.

Jioni, siku hiyo hiyo

Majibu: ubongo umeumia. Mtoto aende hospitali kubwa sasa hivi. Msomi wetu kafungua mlango: "Bibi, majibu si mazuri."

Mungu wangu! Bibi kajifunga kanga kiunoni — nilijua mimi! Mtoto si wetu, na mama yake arudi kwao Nemba. Ngassa, mume wa Scola, alikuwa keshapanda gari la wagonjwa; kashuka. Kama si wangu, naenda kufanya nini? Na Scola hata kukaa hawezi, nani atamshika mtoto?

Nikamwambia ni wako. Mashine imesema? Imesema, baba. Daktari akakohoa, nikamkanyaga mguu. Mashine haikusema kitu kama hicho, lakini nani kaiuliza?

Tumeondoka. Naandika huku gari likirukaruka, mwandiko wa kuku. Bibi kabaki kituoni, anadai cheti cha majibu. Ngassa kampakata mwanawe, oksijeni puani, na baba mtu meno yote nje.

"Nesi, ona! Mkono unacheza. Ananipungia!"

Scola, kalala kando yetu, hamtazami mtoto. Ananitazama mimi. Yeye nilishamweleza degedege linavyoanza.