Mpapindi wa Dafrosa na Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu Yustina wa Kigonsera,

Hamjambo nyumbani? Huku ziwani nakula dagaa wa usipa mpaka nanenepa, ila moyo unachemka. Unaukumbuka mpapindi wa mwanangu Dafrosa? Duniani kote mti huo wa jamii ya mnazi huota kisiwani Pemba tu, na hata huko unakwisha. Mwanangu huyo mwalimu, kwa akili zake, akapewa mche mmoja, akaulea miaka minne kama mtoto.

Basi jana, Jumapili ya Matawi, wanakwaya wameukata makuti! Mwenyekiti wao ananijibu, "Mama, si kamnazi tu haka? Katachipua." Nikamwambia, "Kakifa, baba, utakafufua kwa kuimba?" Leo kwaya nzima inajenga uzio, nami nimekaa kitini nasimamia.

Kinachoniuma, kwenye maandamano nilipunga tawi langu juu kuliko wote, bila kujua limetoka wapi. Mti umebakiwa na jani moja changa katikati. Uombee.

Lile tawi nililopunga nimelisuka msalaba, dereva wa basi anakuletea. Utundike juu ya mlango. Wakija mwakani kukusanya matawi ya kuchoma majivu ya Kwaresima, huo usiutoe.

Dada yako akupendaye,
Mama Dafrosa