Msengi, Ndoo Imerudi Getini

Mpendwa mwanangu Msengi,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta jiwe ukae. Na kama anayekusomea ni mtu mwingine, mwambie asome polepole, asiruke pale mama anapolalamika, maana ni pengi. Naiandika wazi, asome yeyote atakayeiona, kwa sababu sina pa kuituma. Namba uliyotupigia mara ya mwisho ilikuwa ya mwenye ng'ombe unaowachunga, na sasa haipatikani. Ulisema uko kusini, kwenye majani mengi na mbu wengi zaidi, ukacheka, simu ikakatika. Tangu siku hiyo nimebaki na kicheko chako tu.

Sisi hapa Iguguno tupo. Baba yako yupo, ila goti limemvimba na siku hizi anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Mdogo wako Neema yuko darasa la saba, mtihani uko mbele yake. Hajarefuka sana, urefu wake wote umekwenda mdomoni. Anavaa shati lako jeupe la shule, lile nililokushonea jina ndani ya kola ili wenzako wasikubadilishie. Nililiweka miaka yote sandukuni, sasa limemwenea. Asubuhi akitoka nalo mlangoni, mara nyingine moyo unanidanganya kwamba ni wewe.

Kilichonifanya nikuandikie ni ndoo. Unaikumbuka ile ndoo ya bluu yenye koki, waliyoiweka getini kwenye shule yenu wakati wa korona, kila mtoto anawe mikono kabla ya kuingia? Ilikaa, koki ikakatika, mwishowe ikawa ya kuchanganyia udongo wa kusiribia jiko la shule. Juzi nimempelekea Neema kalamu aliyoisahau, nikaikuta ndoo mpya mahali pale pale, na kipande cha sabuni kimefungwa kamba. Nilisimama pale nikashindwa hata kupiga hodi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi nyoka wangu alianzia kwenye ndoo.

Watu wanasema kuna ugonjwa mwingine. Wengine wanasema uko mbali, wengine wanasema umeshapita mpakani na malori. Sijui. Simu za vijana hapa stendi zina habari kuliko redio, na kila mmoja ana yake. Ugonjwa wenyewe, mwanangu, nauogopa kama watu wote wanavyouogopa. Lakini kinachoninyima usingizi ni kusikia kwamba shule zitafungwa.

Unakumbuka walivyofunga mara ile? Ulikuwa darasa la sita, Neema ndiyo kwanza anaanza la kwanza. Mlikuja mbio njia nzima, wewe begi kichwani, yeye kiatu kimoja mkononi, mnapiga kelele, "Tumefungaaa!" kana kwamba mmeshinda mpira. Na sisi wakubwa tulifurahi vilevile, tena sana. Alizeti ilikuwa imeinamisha vichwa shambani, inangoja mikono. Baba yako alikutazama, akamtazama Neema, akasema, "Mungu anajua kutuma vibarua." Tulicheka. Jioni ile nilipika ugali wa uwele na mlenda, ukala mpaka ukalamba bakuli, ukauliza kama na kesho tumefunga.

Mchungaji wa ng'ombe wa kitongoji chetu alikuwa yule kijana wa Manyoni, uliyempenda kwa sababu ya filimbi yake. Ugonjwa ulipotangazwa, mama yake alimwita nyumbani, akaondoka. Hapo ndipo wazee wakakaa. Wakaona ni ajabu kutafuta mchungaji mwingine wakati watoto wamejaa nyumbani. Ng'ombe wakaunganishwa kama kawaida, na kila nyumba ikatoa mtoto wake kwa zamu. Leo sisi, kesho kwa Mzee Kiula jirani yetu, keshokutwa nyumba inayofuata, mpaka duara linarudi kwetu.

Nakuona bado siku ile baba yako alipokukatia fimbo. Alikwenda porini akarudi na mti wa mkole, akakusimamisha mlangoni, mgongo kwenye kizingiti. Ukajinyoosha, ukavuta pumzi, ukainua visigino kwa siri ili uonekane mkubwa. Akakupiga kikofi cha mguu. Akasema, "Fimbo ya mchungaji inamfika kifuani. Ikizidi inamchosha, ikipungua inamwinamisha." Akaweka alama ya kucha kwenye ganda, akakata kwa panga, akakukabidhi. Ulilala nayo usiku huo. Na mimi, mama yako, nilikuona umependeza.

Ile redio pia naikumbuka. Walitangaza kwamba masomo yatatolewa redioni, basi tukaanika betri juu ya bati ili zipate nguvu, na siku za zamu yako ukaomba uende nayo machungani. Baba yako alinung'unika kuhusu taarifa yake ya habari, akakubali. Ulirudi jioni vumbi mpaka kwenye kope, nikakuuliza umejifunza nini. Ukasema, "Mama, nikiwa huku mwalimu anasikika. Ng'ombe wakienda nyuma ya mawe, anakatika." Nikakwambia uwazuie wasiende nyuma ya mawe. Ukanitazama kwa huruma, maana majani yote yalikuwa nyuma ya mawe.

Halafu shule zikafunguliwa, na hapa ndipo paliponiumiza mpaka leo. Hakuna aliyekukataza kwenda. Nikueleze hili vizuri kwa sababu wewe ulikuwa mtoto, na huenda umekaa huko ukidhani tulikuchagua wewe upotee. Mchungaji hakurudi. Zamu iliendelea kwa sababu hakuna nyumba iliyotaka kuwa ya kwanza kumtoa mtoto wake. Ukimtoa mtoto, umetoa ng'ombe wako kwenye kundi la wenzako, na ng'ombe wetu wale wachache nani angewachunga peke yao? Nilimwambia baba yako aanze yeye. Akajibu, "Nikianza mimi watasema naringa, eti mimi ndiye mwenye mtoto wa kusoma." Mzee Kiula naye, nilisikia, alikuwa akimngoja baba yako. Nyumba inayofuata ikamngoja Mzee Kiula. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini safari hii matumbo yalikuwa ya watoto.

Basi ukawa unakwenda shule siku zisizo za zamu. Siku ya zamu sare inabaki kwenye kamba, upepo wetu huu unaipiga inavimba kama imevaliwa na mtu. Siku moja ulirudi kutoka shuleni mapema, ukakaa kando ya jiko, ukawa unachora majivu kwa kidole. Ukasema, "Mama, wamefika mahali sipajui." Nilikwambia utawafikia. Baada ya hapo hata siku zisizo za zamu ukawa unaomba uende machungani, na ng'ombe kweli walikupenda. Ukawa hodari. Watu wa mifugo walipopita hapa kuelekea kusini wakitafuta vijana wanaojua wanyama, walikuulizia kwa jina. Uliondoka asubuhi ya baridi. Ile fimbo ilikuwa imeshuka mpaka kiunoni pako, na ulikataa kukatiwa nyingine.

Sasa nikwambie ya juzi. Baada ya ndoo kurudi, tuliitwa wazazi shuleni. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yametufika kidevuni. Mwalimu mkuu akasema hakuna tangazo lolote, ndoo ni ya usafi tu. Mama mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, hata mvua haitangazi, tunaona mawingu." Watu wakaguna. Wakaanza kumwaga yaliyo moyoni. Mmoja anaogopa binti yake atakaa barabarani na madereva wa malori. Mwingine anasema wake huyu akiacha kushika kitabu mwezi, kinamtoka chote, bora wamfungie humo humo. Mwalimu mkuu alisikiliza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kutoka kwa mtu wa serikali. "Mimi nikiambiwa funga, nafunga. Lakini naomba mara hii msiwape watoto kazi isiyo na mwisho."

Kila mtu akatazama meza. Mimi nikasimama, Msengi. Unajua nisivyoweza kusema mbele za watu, sauti inanikimbia. Nilisema tukubaliane pale pale, kabla ya lolote, kwamba siku shule itakapofunguliwa nyumba zote zitoe watoto kwenye zamu kwa pamoja, siku moja, hata kama ng'ombe watalala njaa zizini. Asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Kisha Mzee Kiula akakohoa, akasema, "Mama Msengi, unatuanzishia matanga na mtu hajafa." Darasa zima likacheka. Hakusema kwa ubaya. Mwanawe alikuwa kwenye zamu pamoja nawe, naye hakumaliza, sasa anaendesha bodaboda Singida mjini, anamtumia baba yake chochote, na baba anaona mambo hayakuharibika. Kikao kikafungwa kwa sala. Nilikaa tena kwenye dawati lile dogo, nikiwaza kwamba mtu alishakufa, ila hatukumzika.

Njiani nilijifariji kwa jambo moja. Neema ni msichana. Baba yako amesema tangu zamani, mtoto wa kike na ng'ombe wapi na wapi. Basi nikasema, yatakayompata yatanikuta kwanza mimi mwenyewe hapo jikoni, nitamlinda. Nitamfungia ndani na vitabu vyake, asifike barabarani. Nilipomwambia, akacheka. "Mama, wakifunga nitasoma mwenyewe. Mimi si kama kaka, sina ng'ombe wa kunizuga." Nikamkaripia kwa kukusema wewe. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama unajua kwamba anavaa shati lako. Nikamjibu kwamba unajua. Basi sasa ujue.

Lakini zamu ya ng'ombe bado ipo. Siku hizi nyumba yenye kijana inamtoa kijana, isiyo naye anakwenda baba. Sisi anakwenda baba yako, na goti lile. Usiku analikanda kwa maji ya chumvi. Sijamsikia akilalamika hata mara moja, na ndiyo maana siwezi kumkasirikia, natamani ningeweza. Wiki iliyopita ng'ombe walirudi kabla yake. Tulimkuta amekaa njiani, akasema alikuwa anapumzika.

Jana jioni amerudi kutoka porini amechelewa. Begani alikuwa na kuni, na katikati ya kuni kulikuwa na fimbo ya mkole, mbichi, imeshamenywa ganda. Aliisimamisha nyuma ya mlango kama mtu anayeweka mwavuli. Nikamuuliza, "Ya nani hiyo?" Akasema, "Ya akiba." Akaenda kunawa. Nikaichukua mkononi. Kwa baba yako ni fupi, angeinama nayo mpaka mgongo ukatike. Kwangu mimi ilinifika tumboni. Nikiwa bado nimeishika, Neema akaingia kutoka kisimani, ndoo kichwani, shati lako limemlowa mabegani. Akapita kati yangu na mlango. Sikuwa na haja ya kumsimamisha kwenye kizingiti, Msengi. Niliona mwisho wake unamfika kifuani.

Hakuuliza. Mtoto mwenye mdomo wote ule, aliitazama fimbo, akanitazama mimi, akaenda kuwasha moto.

Shule bado iko wazi. Hakuna tangazo. Leo asubuhi amekwenda, amenawa kwenye ndoo ya getini kama wenzake, na huku nyuma ya mlango fimbo inakauka taratibu. Kukicha naitazama. Nimefikiria kuichoma, lakini pori limejaa mkole, na baba yako anajua njia.

Mwanangu, siandiki ili urudi. Sijui hata ungerudia nini. Naandika ili uwepo mtu mmoja duniani anayejua kwamba mama aliona mapema, na hakuweza. Yeyote aliyekusomea, mpe maji anywe. Wewe ulale pasipo na mbu wengi. Shikamoo yako sijaisikia muda mrefu, lakini kila jioni, ng'ombe wakiingia zizini, ninaiitikia.

Marahaba, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
Mama Msengi, na Mama Neema,
Iguguno