Vidonge vya Mgongo Wangu

2 Machi 1989

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kuliko cheche za karakana yangu. Mimi ni mzima, tena si mzima wa kubahatisha: juzi geti la shule liliwashinda mafundi wanne, nikaliinua peke yangu huku napiga mluzi. Wewe je, hujambo? Cherehani za kiwandani hazijakutoboa vidole?

Mama yako hajambo kidogo tu, na hapo ndipo damu inaponichemka. Wale madaktari wako wa kliniki ya akili wanamlisha dada yangu sumu! Mikono inamtetemeka mpaka kikombe kinamponyoka. Akienda chooni anayumba. Jana alitapika mara tatu. Ni hiyo dawa yao ya lithiamu. Siku ya kliniki nitakwenda kuwatoa jasho. Wananijua, nikikohoa tu, daktari anaweka kalamu chini.

Usidhani nimekaa bure. Tangu nimlete kwangu namtibu mwenyewe. Goti lilikuwa linamuuma, nikampa vidonge vya mgongo wangu, diklofenaki, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Karakana nzima tuna kopo moja, kila fundi anachota, na mimi vimenisimamisha miaka tisa. Chumvi nayo nimeifuta jikoni kabisa. Daktari wa presha alinikataza mimi, nikasema chungu ni kimoja, basi na afya iwe moja.

Analalamika, lakini mgonjwa gani halalamiki?

Mimi mjomba wako, nguzo ya familia.

9 Machi 1989

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa kumenishinda.

Kliniki haijamlisha mama sumu. Ni wewe.

Lithiamu mwilini hutembea na chumvi, na zote mbili hutokea kwenye figo. Ukimnyima mtu chumvi, figo inaanza kubana kila kinachofanana na chumvi, na lithiamu inabanwa humohumo. Diklofenaki nayo inapunguza damu inayopita kwenye figo, njia ya kutokea ikazidi kuziba. Dawa inaingia kila siku, haitoki. Kipimo kilekile alichokunywa miaka sita kinageuka sumu bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja! Unadhani damu yake wanaipima kwa kupenda damu? Kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua, nafasi ni nyembamba. Nesi wa kliniki aliyaandika haya yote, na karatasi niliibandika ndani ya mlango wa kabati lake ulilolihamishia kwako. Uliisoma?

Vidole kutetemeka kidogo amezoea. Kuponyokwa na vikombe, kuyumba, kutapika, hayo si ya kawaida. Mpeleke hospitali leo. Asimeze lithiamu nyingine mpaka wampime damu, na hivyo vidonge vyako asiviguse tena.

Wala usiniambie dawa hiyo haina maana. Umesahau mwaka alipong'oa madirisha yote akawagawia wapita njia, ili na wao wapate mwanga? Umesahau siku kumi na moja tulizomtafuta?

Mpwa wako.

14 Machi 1989

Mpwa,

Hali sikuulizi, maana mwenye nguvu za kumtukana mjomba wake ni mzima.

Mgongo huohuo unaouma ndio uliokubeba wewe! Mimi nimechomelea daraja nikiwa nimening'inia kwa mguu mmoja, mamba watatu chini wanasubiri chakula cha mchana, leo mshona mifuko ya mashati anifundishe figo? Darasa la tano nililiacha mimi, si lenyewe lililoniacha.

Karatasi yako niliibandua nilipopaka kabati rangi. Rangi ya bluu, imependeza.

Hata hivyo, kwa ukubwa wa moyo wangu, nimepunguza: kidonge kimoja kwa siku badala ya viwili. Chumvi hairudi. Mwenye chungu ni mimi. Na hospitali simpeleki kwa amri ya barua. Kliniki ni tarehe ishirini na nane, tutakwenda kwa heshima zetu. Mbona mwenyewe sasa ametulia? Analala sana. Ulimi tu umekuwa mzito kama wa mlevi. Jana alimwita paka kwa jina la marehemu baba yetu, tukacheka mpaka machozi.

Mjomba wako, ambaye hujamshinda kwa lolote.

SIMU YA MAANDISHI, 17 Machi 1989

MPELEKE HOSPITALI SASA. WAAMBIE LITHIAMU NA DIKLOFENAKI. AKIFA USINIITE MPWA.

11 Aprili 1989

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi sijui niseme ni mzima au la. Simu yako ilinikuta karakana. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa sakafuni, macho wazi, hanijui. Nilimbeba mgongoni maili nane, mbio, bila kupumzika.

Si kweli. Nilimpeleka kwa mkokoteni wa muuza maji, na aliyesukuma ni muuza maji. Mama yako ameketi hapa, kila mstari anataka nimsomee, na huo wa juu ameukataa.

Daktari aliniuliza nimempa nini zaidi ya dawa zake. Nikasema hakuna. Akauliza tena, nikasema hakuna. Mara ya tatu nikatoa kopo mfukoni. Alilitazama, akanitazama. Heri angenizaba kofi. Wakamtundikia maji ya chumvi mshipani. Chumvi! Siku tisa nimekaa natazama tone kwa tone kile nilichomnyima.

Lithiamu wameianza tena, kipimo kidogo, damu anapimwa kila wiki. Mkono wake bado haujaweza kalamu, kwa hiyo yanayofuata ni maneno yake. Nimekatazwa kupunguza.

"Mwanangu, sijambo. Nimemfanya huyu anisomee barua yako, na anieleze yote aliyokuandikia yeye. Mmenigombania kama mbuzi wa mnadani, na mbuzi hakuulizwa.

"Nilionja mboga nikasema haina chumvi. Mjomba wako akasema, 'Haya, ugonjwa umeanza kusema.' Nikasema mkono unatetemeka kuliko siku zote, akasema ni dawa ya kliniki. Nikasema vidonge vyake vinanivuruga, akasema mbona yeye havimvurugi."

Ni kweli. Nilisema.

"Na wewe huko usicheke. Nesi alipoeleza habari za figo zangu, alikueleza wewe. Mimi nilikaa katikati yenu kama mkoba. Goti limeniuma mwaka mzima. Ulipokuja nilikuambia, ukasema, 'Mama, usianze.' Ndiyo maana nilimeza vidonge vya mjinga huyu. Ndiye pekee aliyeamini kwamba naumwa."

Maneno hayo ya mwisho nilitaka kuyapigia mstari. Amenizuia.

"Nilipong'oa madirisha nilikuwa mgonjwa. Niliposema mboga haina chumvi nilikuwa mzima. Tofauti hiyo mimi naijua. Jifunzeni na nyinyi. Kuanzia leo dawa zangu nashika mwenyewe, na kliniki naongea mwenyewe. Goti wamenipa parasetamoli. Ukitaka kujua habari zangu, andika jina langu juu ya bahasha.

"Mama yako."

Mpwa, nimemwomba niongeze maneno mawili ya kujitetea. Amesema karatasi imekwisha. Imebaki nusu nzima.

Mjomba.