Kwa Baba, Mzee Santuri, Aliyeshona Nguo kwa Mdundo wa Jazi

Ni mwaka mmoja sasa, baba, tangu sahani ya muziki ya mchana ifike mwisho na mkono wako usije kuigeuza.

Kila siku uliigeuza hata kabla sindano haijaanza kukwaruza. Ungekuwa katikati ya kupinda suruali, pini mdomoni, lakini sikio lako lilijua. Siku ile ilikwaruza, ikakwaruza, mpaka jirani yako fundi viatu akagonga ukuta kwa nyundo. "Mzee Santuri! Umelala, au bendi imegoma?" Alipoona hujibu akaja. Alikukuta umelaza shavu juu ya kitambaa, utepe wa kupimia bado shingoni. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hukuumia. Tumeamua kumwamini.

Ulikuwa fundi cherehani mwenye maneno mengi na bei ndogo. Sare za watoto uliziachia pindo nene ndani, zifumuliwe mwakani. "Watoto hukua, mama, mishahara haikui," ulimwambia kila mzazi, na kila mzazi alicheka kana kwamba hajawahi kukusikia. Mteja akiniuliza jambo nami nikainamia nguo kwa aibu, ulinijibia: "Huyu binti yangu huongea kwa sindano. Subiri akushonee, utamsikia."

Na jazi yako, baba. Uliipiga kwa mpangilio wa historia yake, asubuhi hadi jioni. Ukifungua mlango zilianza tarumbeta za kale, za zile bendi zilizotembea barabarani zikisindikiza maiti kwa huzuni na kurudi zikicheza. Mchana zilikuja bendi kubwa za dansi, saksafoni safu nzima, na kina mama wa mtaani wakizisikia waliwaita watoto kula. Alasiri ilikuwa bebop, ile ya mbio, ya vijana waliochoka kuchezesha watu wakataka kusikilizwa. Jioni ulituwekea mtindo mpole, tarumbeta kama mtu anayewaza kwa sauti. Mteja akiuliza suti yake aifuate lini, ulimwambia, "Njoo kwenye bendi kubwa," naye alikuja mchana bila kukosea.

"Jazi ni suti moja," ulitufundisha. "Kila kizazi kinaifumua na kuishona upya. Wazee wa dansi waliwaona wale wa bebop wapiga kelele. Kumbe kitambaa ni kilekile."

Baada ya mtindo mpole, rafu iliisha. Ulisema jazi ilifunga duka hapo, nawe ukafunga lako.

Kaka hakukubali. Yeye ni mwanao wa kwanza, na sikio ni lako, sote tunajua. Alipoleta dukani gitaa lake la besi la umeme na spika yake, wateja walikuwa wamejaa. Alipiga kidogo tu. Wewe ukaondoa pini mdomoni.

"Umeme ni wa pasi na taa, mwanangu. Si wa jazi."

"Na hiyo santuri yako inazungushwa na nini, mzee? Na upepo?"

Watu waliangua kicheko. Fundi viatu alilazimika kukaa chini. Wewe hukucheka.

"Mzee, si ulisema kila kizazi kinafumua? Mbona mimi nikifumua inakuwa kosa?"

"Wewe hujafumua. Umechana."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Kaka alikunja waya wake taratibu, akaaga wateja, hakukuaga wewe. Nilifikiri mtamalizana kwenye chakula cha jioni. Alihama, na hamkuzungumza tena. Alirudi kukuzika, akabeba jeneza upande wa mbele, akaondoka kabla vyombo havijaoshwa.

Tangu hapo nimekaa mimi kwenye mashine yako. Nilikuwa nimetoka tu chuoni, nikasema ni kwa muda. Sahani zako nazipiga kwa mpangilio uleule. Wateja wanafurahi, wanasema ni kama upo. Kwangu si kama upo, baba. Ungekuwepo ungeongea. Bendi kubwa zinapiga kwa nguvu zote, watu ishirini ndani ya sahani moja, nami nimekaa katikati yao sina hata mtu wa kumwambia uzi umekwisha.

Mama haji dukani siku hizi. Miaka yote alikuita mpenda kelele. Sasa nikirudi jioni huuliza, "Leo umefika wapi?" Namwambia nimefika kwenye ule mpole. "Ah," anasema, na kunipakulia. Tunakula. Kuna viti vinne pale mezani, na vijiko viwili tu ndivyo vinavyosikika. Nadhani angependa kulia, ila ananionea haya kama mimi ninavyomwonea.

Juzi nilimpigia kaka simu ili tuandike tangazo hili la kumbukumbu yako gazetini. Huwa ananiuliza kama tumekula na kama mama ni mzima, nami humjibu tupo, tunashukuru, basi.

"Jina langu liweke chini ya la mama," alisema. "Maneno tunga wewe, ndiwe msomi."

"Utakuja siku yenyewe, tumkumbuke pale dukani?"

"Ah, mdogo wangu. Nije nikae kwenye lile duka? Watu wale wale, kicheko kile kile. Wewe weka jina, inatosha."

"Sawa, kaka."

"Haya, msalimie mama."

Hapo ndipo mimi hukata simu. Sijui ni nini kilichonishika mkono. Nilikuwa nimesimama karibu na rafu yako, pale sahani zinapoishia, na nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyozoea, hata mteja aliyekuwa akijaribu koti akageuka.

"Kaka, jina lako si kitu. Karatasi haili na sisi. Na huo muziki wako uje nao, sijali kama ni wa umeme. Baba alikosea, nawe ulikosea, yeye hawezi kuja tena, wewe unaweza. Mimi nimechoka kumkumbuka peke yangu."

Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Kisha akaniuliza duka nalifunga saa ngapi.

Basi, baba, wanaokukumbuka leo ni mkeo, anayekuulizia kila jioni kwa kuuliza habari za sahani. Mwanao wa kwanza, mpiga besi. Jirani yako fundi viatu, ambaye bado hugonga ukuta kwa mazoea. Na mimi binti yako. Siku zote utakuwa nasi, na sisi tutakuwa pamoja kukukumbuka.