Kitabu cha Uswidi na Jua la Kimara

Kimara,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 20 Juni 1974

Mpendwa kaka Wilbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Uswidi, na kile kifua kimepata nafuu. Sisi tunapumua. Anastasia ameota meno mawili na anatung'ata sote.

Kaka, kitabu chako cha kupasha maji kwa jua kimeninyima raha. Mafuta ya taa hayapatikani, mkaa umepanda bei, na zahanati yetu inazalisha kina mama bila maji ya moto. Shemeji yako Gozbert alipokisoma tu, akaenda kuiomba kamati ya tawi la chama mabomba ya kisima. Akapewa. Akayapaka rangi nyeusi, akayalaza ndani ya sanduku la kioo, akalipandisha kwenye kichanja nyuma ya zahanati, likasimama karibu wima na kuelekea kusini kama kitabu kinavyoagiza.

Wiki ya tatu sasa, maji ni baridi. Keshokutwa kamati inakuja kukagua. Yasipopata moto, mabomba yatang'olewa na shemeji yako atajieleza mkutanoni kwa nini amechezea mali ya umma. Hapa siku hizi hilo si neno dogo. Naogopa, kaka. Gozbert hali chakula vizuri, na nikimsemesha ananijibu kwa mkato.

Leo nilikuwa naanika mihogo upande wa kaskazini wa nyumba, maana mwezi huu upande wa pili una kivuli. Nikakumbuka baba alivyokuwa akituhamisha na mikeka ya kahawa kulifuata jua, nawe ukinung'unika. Hapo nikaona kosa. Jua letu sasa liko kaskazini, na sanduku limelipa mgongo.

Nilimwambia Gozbert. Akanijibu, "Mama Anastasia, mie nafuata wataalamu. Wewe unafuata mihogo."

Jumamosi jioni

Barua sikuituma. Jana Gozbert alipokwenda kazini, mimi na Tekla, muuguzi wa zahanati, tulimwaga maji yote, tukaligeuza sanduku lielekee kaskazini na kulilaza kidogo, maana jua letu hupita juu zaidi, kisha tukajaza maji upya. Kioo kile kikivunjika hatuna kingine. Gozbert aliporudi aliliona. Hakuligusa.

Leo saa nane kamati ikafika. Mwenyekiti akafungua koki, akakinga kiganja, akakiondoa haraka. Akawaita wenzake nao wajaribu. Kisha akamtaka Gozbert aeleze kitabu kinasemaje. Nilishindwa kumtazama.

"Kitabu kinalijua jua la kwao," Gozbert alisema taratibu. "La hapa, mwulizeni mke wangu."

Nikajifanya namfunga Anastasia mgongoni ili wasinione nalia.

Mabomba yamebaki. Sasa mume wangu anamendea tanuri la mwoka mikate jirani. Anasema joto lile linapotea bure, lingetupashia maji siku za mawingu. Nimemwambia apumzike kwanza.

Msalimie wifi Margareta na watoto. Tekla anakusalimu. Mungu akukinge na baridi ya huko.

Gozbert naye anakusalimu, na anaomba kitabu kingine. Usikitume kabla hujamuuliza mwandishi jua lake hukaa upande gani.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Felicitas