Sahihi Yako Niliyoingoja Mwaka Mzima

Mpendwa kaka yangu Ouma,

Simu yako imezimwa tena, basi nakuandikia hapa mtandaoni mbele ya watu, usome ukipenda. Nimechoka na wewe. Nimechoka na chuo pia, na huu utafiti wa uzamivu katika elimu ya uhalifu ambao nilidhani ningeumaliza kabla sijaota mvi.

Swali langu ni jepesi: kwa nini watu wa Kibera na Kawangware wakishuhudia uhalifu hawaendi polisi? Na kujibu wanajibu. Kule Makina, Kibera, mama mmoja muuza mandazi alinieleza kila kitu mpaka chai ikapoa. Nikatoa fomu ya ridhaa, ile ambayo chuo kinataka kila anayehojiwa aisaini, akaisukuma kando akidhani ni karatasi ya polisi. "Hii si ni statement ya makarao? Zii, mimi sisaini." Pale Kabiro, Kawangware, walisaini haraka haraka, nikafurahi kama mjinga. Msimamizi wangu ndiye aliyeuliza inakuwaje Mzee Njoroge amehojiwa mara nne siku moja. Wapangaji wanne, wote wameandika jina la mwenye ploti badala ya lao! Wewe ungecheka mpaka ukae chini. Mimi nililia.

Lakini fomu iliyonikwamisha kabisa ni yako. Sura ya nne ni wewe: siku ile watu walipokupiga kule Kongo, mtaani Kawangware, kwa sababu ya simu ambayo hukuiba. Nilikusihi twende kituoni tukaripoti, ukasema, "Sista, wachana na hiyo story." Kesho yake ukapanda basi kwenda kwetu Siaya, na tangu hapo kila nikikugusia jambo hilo unakata simu. Mwaka mzima nimekubembeleza unitumie sahihi. Nimekuita mwoga. Nimemwambia mama kwamba wewe ni mbinafsi, unanizuia kuhitimu.

Juzi nilikaa niiandikie kamati ya maadili ya chuo, nieleze kwa nini shahidi wa sura ya nne hapatikani. Sikuweza kuandika hata mstari mmoja. Shahidi anapatikana, Ouma. Nilikuwepo. Ulikuwa nyumbani nami tangu asubuhi, ukatoka kununua kiberiti tu. Niliposikia kelele nilifuata, nikakuona chini. Neno moja langu lingetosha. Niliogopa wasinigeukie, nikakimbia nyumbani, nikapasha maji ya chumvi, nikakungoja kama mtu asiyejua lolote. Ulipoingia nilikuuliza, "Ni nini kimekupata?" Nisamehe kwa swali hilo kuliko yote.

Fomu yako nimeichana. Hadithi yako nimeiondoa, haikuwa yangu kuipeleka chuoni. Sasa sura ya nne ni ya msichana aliyejua kaka yake si mwizi, akanyamaza, na jina langu nimeliandika lote. Nitukane ukitaka, lakini washa simu unitukane mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa pale.