Boksi la Saba la Velani

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Limepatikana! Boksi la saba! Nimepiga kelele mpaka Gathoni wa duka la mbegu hapo jirani akaja mbio na fimbo, akidhani nimeona nyoka.

Kuna mzee Bungoma anaitwa Nehemiah, alikuwa na duka la kukodisha filamu, sasa analifunga. Binti yetu Nimo ameona tangazo akiwa huko Eldoret, akanitumia picha. Lenyewe kabisa — boksi jeusi, jina la mwongozaji Ratan Velani kwa herufi za dhahabu, namba saba ubavuni. Sidii za filamu zake za mwisho. Miaka kumi na moja natafuta hilo boksi! Nimeuliza Nairobi, nimeuliza Mombasa, nimesumbua watu mpaka wakaacha kushika simu yangu. Kumbe liko Bungoma, hapo tu.

Gathoni akacheka. Ati Mama Nimo, si uangalie kwa simu kama watu wengine? Nikamwambia simu ni ya kupiga. Maboksi yangu sita yako kabatini, yamepangwa, kila moja na kijitabu chake na picha. Kwa simu kuna kijitabu? Akarudi dukani na fimbo yake.

Baba Nimo alirudi saa kumi kutoka soko la Kwanza na mzigo wa mahindi. Amekwaruza pikapu tena kwenye geti. Ati geti limekaa vibaya. Geti liko hapo tangu tuhamie! Lakini nilipompa habari akakaa kwenye ngazi hapo nje, hata kofia hajatoa. Swali lake la kwanza — na ile ya mfinyanzi imo? Imo, Adow. Imo.

Ile ya mfinyanzi tuliona nusu. Mwaka wa 1991, sinema ya hapa Kitale, ile ambayo siku hizi ni kanisa. Tulikuwa hatujamaliza mwezi tangu tuoane. Mfinyanzi amemfukuza binti yake nyumbani, halafu mtu anabisha mlango, mzee anainuka akafungue — na stima ikapotea. Mji mzima giza. Tukarudi kwa miguu tukibishana ni nani yuko mlangoni, na mpaka leo tunabishana. Mimi nasema ni binti amerudi. Yeye anasema ni polisi.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumetoka Bungoma. Naandika nikiwa nalo mapajani.

Nehemiah ni mzee mpole. "Kalibu, mama wa Kitare," akasema kwa lafudhi yake, akaniletea stuli. Mke wake alikuwa anataka mapazia ya sebule, na mimi kazi yangu ni kushona mapazia, basi tukabadilishana. Yeye mapazia, mimi Velani. Alitaka kunionyesha kwamba sidii zinacheza lakini stima ilikuwa imeenda. Ni orijino, akasema, na nikamwamini. Alilipangusa na shati lake mara ya mwisho kabla ya kunipa. Nilimwonea huruma.

Njiani sikufurahi. Karibu na Kiminini kulikuwa na jamaa wa baiskeli amebeba gunia. Mimi nilimwona toka mbali. Baba Nimo hakupunguza. Nikapiga mayowe — Adow! — akakata kona, kioo cha pembeni kikagusa gunia. Yule jamaa alitutukana mpaka tukapotea. Adow akasema ni jua. Jua lilikuwa mgongoni mwetu!

Huyu ni mtu ameendesha lori la mahindi mpaka Mandera, hajawahi kugonga hata kuku. Mimi nimfundishe nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Bado hatujaliangalia. Ni mavuno, yeye kila siku yuko mashambani Tongaren, mimi niko na mapazia ya harusi. Tumekubaliana Jumapili baada ya adhuhuri. Sheria ni ile ile, hakuna kuongea filamu ikienda. Yeye ndiye aliyeiweka. Mimi nasoma maandishi ya chini haraka kuliko yeye, na zamani nilikuwa namwambia kabla hajamaliza. Akasema siku moja, ukiniambia tena nahamia msikitini na godoro langu. Khai!

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Maandishi ni ya Kichina. Yote! Nimebonyeza rimoti kila mahali — Kichina tu. Watu wanaongea Kihindi, na Kihindi chetu sisi ni cha nyimbo. Nilitaka kulia. Miaka kumi na moja, halafu Kichina! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie Adow tuzime, nimpigie Nehemiah nimtolee maneno.

Nikamwangalia. Ameketi kwenye kiti chake, uso kwa TV, anatikisa kichwa polepole, anasoma.

Nikamuuliza, Baba Nimo, maandishi yanasomeka?

Akasema vizuri sana. Ati Kiingereza cha leo ni rahisi.

Nikaweka rimoti chini, nikamtazama yeye. Watu wa filamu wakicheka, naye anacheka. Muziki ukiwa wa huzuni, anasema aah, maskini. Anafuata sauti! Mwanga anauona, watu wakitembea anawaona, lakini herufi hakuna. Tangu lini? Tukiangalia boksi la sita alisema amechoka, akalala katikati. Chai anamimina nje ya kikombe. Geti. Baiskeli. Na mimi nimekaa naye nyumba moja nikisema amezeeka, amekuwa mvivu wa kuangalia mambo.

Nikasema kichwa kinaniuma, tutaendelea siku nyingine. Hakubisha hata kidogo.

Kesho anaenda Kwanza na hiyo pikapu. Ya Rabbi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ufunguo wa gari niliuficha ndani ya mkebe wa unga. Ana wa pili! Akaenda, huku anapiga mluzi.

Nikamwendea Gathoni nikamwaga yote. Akasema huo ni mtoto wa jicho, mama yake alikuwa nao. Bungoma kuna kliniki wanapasua kila Jumatano. Mama akatoka huko, akafika nyumbani, kitu cha kwanza akauliza kwa nini kuta zake ni chafu hivi. Tukacheka. Halafu Gathoni akaniambia bila kucheka, Mama Nimo, mwambie leo, kabla hajaua mtu.

Ni rahisi kusema. Mwaka juzi nilimwambia tu akapimwe miwani mpya, akakaa siku mbili haongei na mimi. Ni kwa sababu ya kaka yake, Abdikarim. Alipasuliwa jicho zamani sana, mahali sijui wapi, akatoka haoni kabisa. Adow ndiye aliyekuwa anamshika mkono kumpeleka msikitini, mpaka siku tulipomzika. Mara moja aliniambia, mimi nikishikwa mkono hivyo, Sharifo, afadhali nife. Naelewa. Wallahi naelewa. Lakini soko la Kwanza linajaa Jumatatu, na watoto wa shule wanavuka bila kuangalia wakiamini kwamba dereva anawaona.

Nampenda huyu mzee na nataka kumpiga.

Saa kumi na moja nikasikia pikapu inaingia. Nikakaa chini jikoni nikalia. Halafu nikanawa uso, nikasukuma chapati.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua tangu asubuhi, mahindi hayapakiwi, Adow yuko nyumbani. Baada ya chakula nikaweka ile ya mfinyanzi kutoka mwanzo. Akaketi na uso wake wa kusoma.

Nikavunja sheria.

Nikasema, mfinyanzi ameingia uani. Amebeba mtungi, umepasuka shingoni.

Akakauka. "Nani amekuuliza?"

Nikaendelea. Nikasema binti yuko dirishani, ana kitambaa cheupe kichwani, anamwangalia baba lakini hataki kuonekana. Nilijua ataondoka. Alishika mikono ya kiti mpaka nikaona mishipa. Nikasema, sasa mtungi ameuweka chini, anauzunguka. Nikaishia hapo.

Halafu akasema, polepole sana, "Na sasa anafanya nini?"

Woi! Tangu nimjue mtu huyu, hajaniuliza kitu kikaniuma hivyo. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, nyuso, mikono, mbuzi aliyepita nyuma. Maneno yao nikawa natunga mwenyewe. Mfinyanzi wangu alikuwa anaongea kama watu wa hapa Kitale, anamwambia binti wacha nikuambie, bana. Adow akauliza, hivyo ndivyo wameandika? Nikasema, Baba Nimo, wameandika Kichina. Tangu juzi ni Kichina.

Akacheka! Akacheka mpaka akatoa miwani. Nami nikacheka. Halafu nikaona si kicheko tena, anafuta macho na kanzu.

Ni ukungu, akasema. Tangu mwaka jana. Mwanzoni nilidhani ni TV imeharibika.

Nikamshika goti. Mvua inapiga mabati. Filamu ikafika pale. Mlango unabishwa, mfinyanzi anainuka — nikazima.

"Washa."

Nikakataa. Nikamwambia kesho ni Jumatano, Bungoma wanapasua. Mwisho wa hii utauona na macho yako, na mimi pia sitauangalia mpaka siku hiyo. Nitakaa nao hapo kwenye TV nisiuguse. Akasimama. Unanifanya mtoto, akasema. Unataka nishikwe mkono kama Abdikarim. Nikasema Abdikarim alipasuliwa wakati hata barabara ya lami hatuna, na kama hutaki kushikwa mkono, kesho kutwa nitakuletea mtoto wa watu umemkanyaga, huyo utamshika wewe.

Nilisema hivyo. Sikupanga kusema.

Akachukua funguo zote mbili, hata ule niliouficha. Kesho magunia yananingoja Tongaren, akasema, akatoka na mvua ile kwenda msikitini. Alipita mlangoni akipapasa ukuta, hajifichi tena.

Amerudi, amekula, amelala akigeukia ukuta.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika nimesimama, haraka.

Ameswali alfajiri, amekunywa chai, neno hakuna. Nimemwona anafungua kabati anatoa koti la Idi. Nani anapakia mahindi na koti la Idi? Akatoka na funguo. Nikamfuata mbio, bila viatu, nikasimama mbele ya pikapu, nikatandaza mikono. Nikamwambia Tongaren utaenda ukipita juu yangu. Gathoni alikuwa anafungua duka, akabaki na kufuli mkononi.

Adow akawasha gari. Nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba, nikaanza kusoma shahada.

Gari halikusonga. Nikasikia mlango. Nikafumbua — ameshuka. Anazunguka mbele, mkono mmoja juu ya boneti, anapapasa, akanipita hapo nilipo na bega lake likanigusa. Akafika upande wa pili, akafungua, akaingia, akafunga mkanda. Anatazama mbele.

Akasema, Mama Nimo, wale wa Bungoma wanafunga saa ngapi? Utasimama hapo mpaka lini?

Nimeingia ndani kuchukua mtandio. Huu mwandiko sijui kama nitausoma. Injini inanguruma huko nje. Sasa anapiga honi, na lazima ajinyooshe kuifikia, maana yuko kiti cha abiria.

Na mimi maisha yangu yote sijawahi kushika usukani.